Mizunguko Elfu Mbili na Mia Moja

Kapteni Alphonce aliacha kuitikia shikamoo ya Zabibu siku ya Jumanne. Mara ya kwanza Zabibu alidhani hakusikika, kwa sababu jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya kibanda cha kiwanja cha ndege. Akarudia. Mzee akageuza uso upande wa ndege, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Fundi Pancras, aliyekuwa amechuchumaa chini ya bawa na bisibisi mkononi, aliona yote. Akainama kuendelea na kazi yake.

Zabibu alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alizaliwa Masasi, mtaa wa Mkuti, katika ukoo wa Wayao wauza vitambaa, na hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kufanya kazi nje ya duka au shamba mpaka yeye alipokwenda kusomea urubani. Sasa alikuwa amerudi nyumbani na kampuni iliyopewa kazi ya kupiga picha mashamba ya korosho kutoka angani, kuanzia Nanganga mpaka Mnyambe kule Newala, ili mikorosho ihesabiwe mti kwa mti. Marubani walikuwa wawili tu. Yeye alikuwa rubani mdogo. Alphonce, mtu wa Bukoba mwenye miaka thelathini angani, ndiye aliyekuwa rubani mkuu.

Kosa lake lilitendeka Jumatatu, kwenye kikao. Rajabu, mpiga picha aliyekaa nyuma ya ndege na kamera yake, alimwambia meneja kwamba picha za siku anazorusha Zabibu zinatoka safi, hata kivuli cha tawi unakiona. Za siku nyingine zinatoka na ukungu kidogo, kama mkono ulitetemeka. Meneja, mama mmoja wa Iringa anayeitwa Devotha, akauliza sababu. Alimuuliza Zabibu, mbele ya wote, na Zabibu akajibu.

Ndege ile ilikuwa ndogo, ya injini moja ya pistoni. Mbele ya rubani kulikuwa na vishikio vitatu vya kusukuma na kuvuta. Cheusi kiliamua injini ivute hewa kiasi gani, na kiasi hicho kilisomwa kwa inchi kwenye kisaa. Cha bluu kiliamua pangaboi lizunguke mara ngapi kwa dakika. Chekundu kilikuwa cha petroli. Ukishapanda ukafika kimo cha safari, unachagua: mizunguko mingapi, inchi ngapi. Alphonce alichagua hivyo hivyo kila siku ya maisha yake, inchi ishirini na nne kwa mizunguko elfu mbili na mia nne, kwa sababu aliyemfundisha alimwambia inchi zisizidi kamwe mamia ya mizunguko. Ukizizidisha unaiponda injini, kama dereva anayepanda mlima kwa gia kubwa. Zabibu alisoma jedwali lililokuwa ndani ya kitabu cha ndege yenyewe. Jedwali liliruhusu inchi ishirini na tatu kwa mizunguko elfu mbili na mia moja. Kwa mpango huo ndege ilikwenda polepole kidogo, ikala petroli pungufu, na haikutetemeka sana.

"Kwa hiyo wewe unafuata kitabu," Devotha alisema.

"Nafuata kitabu."

"Na Kapteni?"

Zabibu alitakiwa kunyamaza hapo. Alijua hivyo hata kabla ya kufungua mdomo. "Kapteni anafuata mazoea," alisema.

Ndiyo maana Jumanne hapakuwa na marahaba.

Jumatano walipangwa kuruka pamoja, kwa sababu kulikuwa na mistari mirefu ya kupigia picha upande wa ukingo wa Ruvuma. Zabibu alikuwa kwenye usukani. Walipofika kimo chao alishika kishikio cha bluu akaanza kukivuta taratibu, sauti ya injini ikishuka. Kofi likatua juu ya mkono wake. Halikuwa la nguvu sana. Lilikuwa kofi la mwalimu kwa mtoto aliyegusa chungu cha moto.

"Injini hii haijaletwa hapa ukaifanyie majaribio," Alphonce alisema kwenye hedseti, bila kumtazama.

"Kapteni, jedwali linaruhusu."

"Jedwali liliandikwa na watu waliokaa mezani. Rudisha."

Alirudisha. Nyuma yao Rajabu alijifanya anafuta lenzi. Kwa saa mbili zilizobaki Zabibu aliendesha ndege huku mgongo wa mkono ukimwasha. Hakusema neno ambalo halikuwa namba.

Waliposhuka alimkuta Pancras akinawa mikono kwa mafuta ya taa. Pancras alifundishwa ufundi kwenye karakana za misheni Ndanda, na alikuwa mtu wa maneno machache. "Shikamoo, Baba Severina."

"Marahaba, binti Tahiri."

"Niambie ukweli. Ninaiharibu injini?"

Pancras alifuta kidole kimoja kimoja. "Huiharibu."

"Basi mwambie."

"Yule alimzika mwenzake," Pancras alisema. "Zamani, huko magharibi. Injini ilipasuka hewani, na mwenzake alikuwa anarusha kwa inchi nyingi na mizunguko michache, kama wewe. Ilikuwa injini ya aina nyingine kabisa, imechoka, na petroli chafu. Lakini Kapteni ndiye aliyekwenda kumtoa porini. Mtu kama huyo umwambie nini? Nilishamwambia mwaka juzi, siingii hapo tena."

Habari hiyo haikumlainisha Zabibu. Alifikiri: kumbe anaogopa, halafu woga wake anaugeuza kuwa amri kwangu. Akaondoka na hasira kubwa kuliko aliyokuja nayo.

Alhamisi jioni Devotha alimwita ofisini. Alphonce alikuwa ameandika barua. Alitaka Zabibu afanyiwe majaribio ya urushaji kesho yake, yeye Alphonce akiwa mtahini. Akishindwa, aondolewe kwenye mradi.

"Wewe unajua atasema nimeshindwa," Zabibu alisema.

"Ninachojua ni kwamba nina marubani wawili na ninyi hamuongei," Devotha alijibu. "Mmoja ni rubani mkuu. Kesho uruke vizuri."

Ijumaa Zabibu aliamka alfajiri, akampigia simu mama yake mdogo Adija, anayekaa Newala mjini. Ulikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba Newala huwa na ukungu asubuhi. "Huku hatuonani," Adija alisema. "Nimetoka nje na tochi kwenda kuwafungulia kuku." Zabibu alimpelekea Kapteni habari hizo, pamoja na ombi kwamba waweke lita mia mbili na hamsini za petroli badala ya mia mbili.

"Ukungu wa Newala hauvuki saa tatu," Alphonce alisema. "Na mia mbili zinatosha. Au na petroli unataka kunifundisha?"

Mbele ya Pancras na Rajabu, Zabibu aliandika kwenye daftari la safari: *Rubani mdogo aliomba 250. Rubani mkuu aliagiza 200.* Akampa asaini. Alphonce alisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Waliondoka saa moja na nusu, Zabibu kiti cha kushoto, Alphonce kulia, Rajabu nyuma. Milima ya mawe ya Masasi ilikuwa wazi kabisa, jua limeipiga ubavuni. Lakini mbele yao nyanda za juu za Makonde hazikuonekana. Palikuwa na wingu jeupe lililolala kuanzia ukingo mpaka macho yanapoishia, kama pamba iliyomwagwa.

"Kimo cha safari," Zabibu alisema. "Niweke nguvu gani?"

"Unajua nguvu gani."

Akaweka ishirini na nne kwa elfu mbili na mia nne. Yalikuwa majaribio yake, na aliamua hatampa mzee sababu ya bure. Wakaanza kuzunguka juu ya Newala wakingoja wingu lipasuke. Kila dakika kumi Alphonce alimpa zoezi, ageuke kwa pembe kali, apunguze mwendo mpaka ndege itake kuanguka kisha aiokoe, na kila zoezi alilikuta na dosari. Saa tatu ikafika. Wingu halikupasuka. Saa tatu na nusu Zabibu alisema, "Kapteni, tumebakiwa na lita sabini. Turudi Masasi sasa."

"Mtahini ni mimi."

"Najua. Nasema tu petroli."

"Turudi," Alphonce alisema, akitaka ionekane kwamba wazo ni lake.

Masasi nako kulikuwa kumefungwa. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka ukingoni ukajaza bonde lote, na vilele vya mawe vilichomoza juu yake vyeusi, viwili vitatu. Kushuka ndani ya wingu mahali penye mawe kama yale ni kujiua. Rubani wa ndege ya mizigo alitangaza redioni kwamba Nachingwea hakuonekani chini. Wakazunguka upande wa Ndanda wakitafuta tundu. Alphonce alikuwa ameacha kutoa mazoezi. Alikuwa ameinama mbele, kiganja kimeshika ukingo wa dashibodi, akitazama chini kila upande. Nusu saa ilipita hivyo.

Zabibu alikuwa anapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi kilichobanwa pajani mwake. Lita thelathini na saba, labda nane. Mtwara ilikuwa wazi, mnara ulikuwa umethibitisha. Kilomita mia moja na arobaini, na upepo wa kusi usoni, kilomita arobaini na tano kwa saa.

"Naelekea Mtwara," alisema, na akageuza pua ya ndege mashariki. Alphonce hakupinga. Zabibu akashika kishikio cha bluu akavuta. Elfu mbili na mia tatu. Mia mbili. Mia moja. Mlio ukashuka ukawa mzito. Akarekebisha cheusi kwenye ishirini na tatu, kisha chekundu, taratibu, akisikiliza.

Mkono wa Alphonce ukapita mbele yake ukasukuma bluu yote mbele. Injini ikapiga kelele.

"Upepo uko usoni," Alphonce alisema. "Ukienda kwa mwendo wa kobe utakaa juu mpaka petroli iishe. Tunahitaji kasi."

"Sikiliza namba, Kapteni. Kwa nguvu yako tunakwenda mia mbili na tano kwa saa juu ya ardhi, dakika arobaini na moja, na injini inakula hamsini na saba kwa saa. Hizo ni lita thelathini na tisa. Hatuna. Kwa nguvu yangu tunachelewa dakika sita, lakini tunatumia thelathini na tatu. Hizo tunazo."

"Inchi mbili zaidi ya mizunguko. Silinda itapasuka, hutakuwa na petroli wala injini."

"Jedwali linaruhusu."

"Usiniambie jedwali." Sauti yake ilipanda. "Nilimtoa mtu porini kwa mikono hii kwa sababu ya jedwali. Mimi ndiye kapteni. Ondoa mkono."

Hakuondoa. Kwa sekunde kadhaa mikono yao miwili ilikuwa juu ya kishikio kimoja, wa mzee ukisukuma, wa msichana ukivuta, na mizunguko ikapanda na kushuka kwenye kisaa. Nyuma, Rajabu alikuwa ameanza kusoma dua kwa sauti ya chini bila kujua kwamba hedseti yake ilikuwa wazi.

"Nitakwambia nitakachofanya," Zabibu alisema. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Nitabonyeza hapa, niuambie mnara wa Mtwara tuna lita thelathini na saba na watu watatu. Nitawasomea hesabu zote mbili. Halafu nitawaambia rubani mkuu amechagua ile ambayo haifiki. Wao wanarekodi kila neno. Wakitukuta chini, watajua nani alichagua."

"Huthubutu."

Akabonyeza. Alitaja jina la ndege, mahali walipo, petroli na watu. Alisoma hesabu ya kwanza, kisha ya pili. Sauti ya mwongozaji wa Mtwara, ya mwanamke, ilirudi bila papara. "Nimepokea. Thibitisheni mnatumia nguvu ipi."

Zabibu akabonyeza tena, akamngoja Kapteni achague. Kidole cha Zabibu kilikuwa bado kwenye kitufe. Alimtazama Alphonce kwa mara ya kwanza siku hiyo, na akaona jasho limekusanyika juu ya mdomo wake. Akakiachia kitufe.

"Thibitisheni nguvu," mnara ukarudia.

Alphonce akaondoa mkono. Aliuweka pajani, juu ya goti, na kuutazama kana kwamba haukuwa wake.

"Mizunguko elfu mbili na mia moja, inchi ishirini na tatu," Zabibu alisema redioni. "Tunakuja."

Dakika arobaini na saba ni muda mrefu kwa watu wanaochukiana ndani ya chumba kisichozidi upana wa kitanda. Wingu lilipita chini yao, likaanza kutoboka, mikorosho ikaonekana kwenye matobo, kisha vijiji, kisha barabara ya lami yenye lori moja. Alphonce hakuondoa macho kwenye kisaa cha joto la silinda. Alikuwa anangoja ipasuke. Zabibu aliona kwamba sehemu fulani ya mzee huyo ilitaka ipasuke kweli, ili awe sahihi, na hilo ndilo lililomtisha kuliko petroli. Kisaa hakikucheza.

Mshale wa petroli wa tangi la kushoto uligusa sifuri walipoona bahari. Zabibu alihamia la kulia. Alitua bila kuzunguka uwanja, moja kwa moja, matairi yakalia mara moja tu. Alipozima injini Rajabu alifungua mlango, akashuka, akatembea hatua chache akatapika kwenye majani.

Zabibu alipanda juu ya bawa akachovya kijiti cha kupimia. Kwenye tangi la kushoto kilitoka kikavu. Kwenye la kulia kilitoka na unyevu wa vidole viwili. Aliposhuka, Alphonce alikuwa tayari ameshafika nusu ya njia kuelekea jengo, begi begani, hakugeuka nyuma.

Jumatatu walikaa tena ofisini Masasi. Devotha alikuwa na ripoti mbili mezani, akasoma ya Alphonce kwa sauti. Ilisema kwamba rubani mdogo alishikwa na hofu, akaanza kurusha kwa nguvu isiyo salama, akatumia redio kwa lugha ya kumvunjia heshima mkubwa wake. Ilisema rubani mkuu ndiye aliyefanya uamuzi wa kwenda Mtwara na ndiye aliyeokoa ndege. Ilipendekeza rubani mdogo aondolewe, na injini ifunguliwe kuangaliwa imeharibika kiasi gani.

Zabibu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rajabu alikuwepo."

Devotha akamgeukia Rajabu. Rajabu alikuwa na mke na watoto wanne Nanganga, na kazi ile ndiyo iliyokuwa inawalisha. Alitazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa nashughulika na kamera," alisema. "Sikusikia vizuri."

Zabibu alihisi kama amemwagiwa maji. Alimkumbuka akisoma dua. "Hukusikia?"

"Kulikuwa na kelele."

Alphonce alikuwa amekunja mikono kifuani. Hakutabasamu. Hilo Zabibu alilikumbuka baadaye, kwamba hata hapo hakutabasamu.

"Mnara wa Mtwara unarekodi," Zabibu alisema. "Dada Devotha, omba kanda. Na Fundi Pancras afungue injini kama Kapteni anavyotaka. Mimi nitakaa nyumbani mpaka vyote viwili virudi. Nikiwa mwongo, nitaandika mwenyewe barua ya kuacha kazi."

Alikaa nyumbani siku nane. Baba yake, mzee Tahiri, hakumuuliza kitu, ila kila jioni alimpa vitambaa akunje, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana, naye alivikunja vibaya kwa sababu mikono ilikuwa na hasira. Mtaani habari zilishaenea zikiwa zimepinda: kwamba binti wa Tahiri alipigana na rubani angani, kwamba alitaka kuangusha ndege. Mwanamke mmoja dukani alimuuliza usoni kama ni kweli alimng'ata Kapteni mkono.

Siku ya tisa aliitwa. Pancras ndiye aliyezungumza kwanza, amesimama, kofia mkononi, akiiambia meza badala ya watu.

"Nimepima silinda zote sita. Zinashika presha vizuri. Nimekata filta ya mafuta ya injini, nimeikunjua juani nikaichambua. Hakuna chuma. Hakuna kilichoumia." Akamgeukia Alphonce. "Kaka, haina kitu. Nilikwambia tangu mwaka juzi."

"Itakuja kuwa nacho," Alphonce alisema.

"Pengine. Lakini siyo kwa sababu hiyo."

Devotha akacheza kanda kutoka kwenye kompyuta yake. Sauti ya Zabibu ilisikika, ikikwaruza, ikisoma hesabu mbili. Kisha mwongozaji akiuliza nguvu ipi. Kisha ukimya, na ndani ya ukimya huo, kwa sababu kidole cha Zabibu kilikuwa kimebaki kwenye kitufe, ilisikika dua ya Rajabu, neno kwa neno, wazi kabisa.

Rajabu akainuka akatoka nje. Hakuna aliyemzuia.

Uamuzi ulikuja kutoka makao makuu kwa barua mbili. Alphonce alivuliwa urubani mkuu akaitwa Dar es Salaam kujieleza, hasa kwa ile petroli na kwa ripoti yake. Zabibu aliachwa kazini, lakini na yeye alipewa onyo la maandishi, kwa kutumia redio kumtisha mkubwa wake wa kazi. Alisoma onyo lile mara tatu. "Ningefanya nini?" alimuuliza Devotha. "Ningenyamaza tuanguke kwa adabu?"

"Sikuliandika mimi," Devotha alisema. "Saini, tumalize mistari. Tumechelewa wiki mbili."

Alisaini.

Alphonce alikuja kuchukua vitu vyake asubuhi moja wakati Zabibu akiikagua ndege. Alisimama upande wa pili wa pangaboi, begi mkononi. Zabibu hakumsalimu. Alikuwa ameamua hivyo tangu usiku uliopita, na bado ilimgharimu.

"Ulinivua nguo mbele ya mnara mzima," Alphonce alisema.

"Uliandika kwamba ni wewe uliyetuokoa."

"Niliandika nilivyokumbuka."

"Hapana. Uliandika ulivyotaka."

Mzee aliweka kiganja juu ya ubavu wa injini, akakiacha hapo kwa muda. "Yule kijana niliyemtoa porini," alisema, "alikuwa na umri wako. Na yeye alikuwa na majibu." Akaondoa mkono, akainua begi. "Sikutakii mabaya, lakini na mema sikutakii."

"Na mimi hivyo hivyo," Zabibu alisema.

Alikwenda zake kupanda gari la stendi. Hawakuonana tena.

Rubani mpya aliletwa wiki iliyofuata, mtu wa Tanga anayeitwa Twahiru, mpole, mwenye kitambi na tabia ya kuuliza kila kitu. Siku ya kwanza, wakiwa wamesimama chini ya bawa pamoja na Pancras, alimuuliza Zabibu anatumia mizunguko mingapi akifika kimo cha safari.

"Elfu mbili na mia moja. Inchi ishirini na tatu. Iko kwenye jedwali, ukurasa umekunjwa, kasome. Na kama una mazoea yako yaache hapa chini, kwa sababu mimi sitayabeba huko juu."

Twahiru alibaki mdomo wazi. "Nimeuliza tu, dada," alisema. "Huko nilikotoka nilikuwa natumia elfu mbili na mia mbili kwa inchi ishirini na mbili, kwa sababu ya joto. Nilitaka kujua ya hapa."

Zabibu alijua kwamba hilo lilikuwa jibu zuri. Mia mbili kwa ishirini na mbili nayo ilikuwa ndani ya jedwali, na kwa siku yenye joto pengine ilikuwa bora. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na hakuyarudisha. Aliingia ndani ya ndege akaanza kufunga mikanda.

Pancras alimfuata mpaka dirishani. "Binti Tahiri."

"Naam, Baba Severina."

"Umeanza kuongea kama yeye."

Aliukaza mkanda wake. Uso ulimwaka. Rajabu alikuwa ameshapanda nyuma, akaweka kamera yake mahali pake bila kumtazama mtu. Tangu siku ya kanda walikuwa wanaambiana namba ya mstari na kimo tu. Twahiru alipanda kulia, akavaa hedseti, akaweka mikono yote miwili magotini kama mtu aliyeambiwa asiguse kitu.

Waliruka. Hewa ilikuwa safi mpaka Ruvuma. Walipofika juu ya Mnyambe, Zabibu alipunguza mizunguko kama kawaida yake, akaangalia joto la silinda, likapanda kidogo kuliko alivyopenda, kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alikaa na hilo kwa dakika mbili nzima. Ilikuwa vigumu kuliko alivyotegemea.

"Hiyo mia mbili yako," alisema hatimaye, macho mbele. "Joto lilikuwa linashuka kiasi gani?"

"Digrii kama kumi hivi."

"Weka basi."

Twahiru alimtazama kwanza kuhakikisha amesikia sawasawa. Kisha akanyoosha mkono kwenye kishikio cha bluu. Zabibu alitazama mshale wa joto ukianza kushuka, akamwambia Rajabu ajiandae, mstari wa arobaini na mbili.

Walimaliza mistari yote mwisho wa mwezi wa nane. Picha za korosho zilikabidhiwa wilayani, ndege ikahamishiwa kazi nyingine Singida. Zabibu alikwenda nayo, na lile onyo lake bado limo kwenye faili.